Makro ya Heshima

Watu wa idara yetu siku hizi wanamsifu Mabano, hasa wale ambao alipokuwepo hawakuitikia salamu yake. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na miwili, yeye chumba cha kompyuta, mimi dirisha namba tatu. Hakuna aliyemjua kuliko mimi isipokuwa mke wake, na mke wake ana kazi zake. Kwa hiyo nimeamua nimwandike mwenyewe kabla sifa hazijamharibu.

Idara yetu ni ya vizazi na vifo. Mtu akizaliwa anaandikwa kwetu, akifa anaandikwa kwetu, na katikati ya hapo anakuja dirishani kwangu kuomba cheti cha kupeleka shuleni, kazini au kwenye ndoa. Mimi naandika jina lake kwenye kompyuta, kompyuta inatafuta, namwambia lipo au halipo. Kioo cha dirisha langu kina tundu la chini la kupitishia karatasi na tundu la juu la kupitishia matusi.

Programu ya kutafutia aliiandika Mabano. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Lisp, ambayo wenzake karibu wote walishaiacha, na ambayo ukiitazama kwenye skrini unaona mabano tu: bano linafunguliwa, ndani yake linafunguliwa lingine, na lingine tena, mpaka mwisho yanafungwa kwa mpigo, saba au nane yakifuatana. Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Lile la kwenye kitambulisho hakulitumia mtu, hata mlinzi wa getini aliyelisoma kila asubuhi.

Kazi hiyo ilimwingia mwilini. Hakuweza kuona kitu kimeachwa wazi. Alifunga droo za watu, alifunika kalamu za watu, alikuja dirishani kwangu kuuliza jambo na kuondoka amefunga chupa yangu ya maji. Mke wake ni fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno. Siku moja nimekwenda kupima gauni akaniambia, pini zikiwa mdomoni, "Wifi, huyu mtu akianza kunisimulia habari ya jirani, katikati anaingiza habari ya mama wa jirani, na ndani ya hiyo anaingiza ya paka wa huyo mama. Mimi nashona tu. Nikimaliza mkono mmoja wa gauni, naye anarudi: anafunga ya paka, anafunga ya mama, anafunga ya jirani. Hajawahi kusahau hata moja."

Mimi kompyuta naijua kwa vidole, siijui kwa ndani. Lakini mtu akikutajia neno moja kila siku utauliza mwisho wake. Neno lake lilikuwa makro. Nilipomuuliza ni kitu gani, alinyooshea kidole muhuri wangu.

"Dada, huo muhuri una maneno mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Unayaandika?"

"Naugonga tu."

"Basi makro ni hiyo. Naandika neno moja, na kabla programu haijaanza kazi, kompyuta yenyewe inalitoa hilo neno na kuweka mahali pake maandishi yote niliyoyataka. Ni maandishi yanayoandika maandishi."

"Na mtu mwingine akisoma ulichoandika?"

"Anaona lile neno moja."

Niliitikia kwa kichwa kwa adabu. Sikujua kwamba jibu hilo la mwisho lingekuja kututoa jasho sote.

Miaka hiyo mkurugenzi alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye kikohozi kinachomtangulia kila aendako. Ilimbaki miezi michache astaafu. Alimwita Mabano ofisini kwake, mlango ukafungwa, Mabano akahakikisha umefungwa vizuri.

"Tarehe yangu ya kuzaliwa ilikosewa," mzee akasema.

"Kwa miaka mingapi, mzee?"

"Minne."

"Na aliyekosea ni nani?"

"Mama yangu."

Mabano hakuwa shujaa. Nasema hivi kwa sababu wanaomsifu sasa wanataka kumfanya shujaa. Alikuwa na mke, watoto wawili na woga wa kawaida kama wangu na wako. Ila kulikuwa na jambo moja asilolikubali kabisa: rekodi ya kizazi haiguswi. Mkunga ameandika, karani ameingiza, imekwisha. Basi akatafuta njia ya kumtii mkubwa bila kuigusa rekodi, na hapo ndipo watu wenye akili nyingi wanapotuponza. Tarehe ya kweli aliiacha palepale, akaweka kitu mbele yake. Kabla programu haijatoa rekodi yoyote, inasoma kwanza orodha fulani. Ikikuta jina la mwenye rekodi limo, inaonyesha tarehe nyingine. Akaifanya kuwa makro, akaiita kwa-heshima, akaitia kila mahali rekodi zinapopita.

"Ni ya muda tu, mzee," alimwambia. "Mpaka mahakama iamue."

Mahakama mpaka leo haijaulizwa. Orodha ilianza na watu watatu: mzee, naibu wake, na shemeji wa naibu ambaye alikuwa amemsindikiza tu.

Kisha habari ikapita chini kwa chini. Walikuja wakubwa wa idara yetu, wakaja wakubwa wa idara za jirani, wakaja wake zao, ambao hawakuwa na kazi ya kustaafu bali walitaka tu kupungua miaka. Alikuja kocha wa timu ya vijana na wachezaji wake kumi, wote wamenyoa ndevu asubuhi hiyo hiyo. Kila mmoja alikuja na karatasi yenye saini ya mkubwa fulani, na kila mmoja alimnong'oneza Mabano kwamba ni yeye peke yake, asimwambie mtu. Mabano aliingiza jina, akaihifadhi karatasi kwenye faili, akafunga faili.

Na mimi nilikwenda. Ningeweza kuliruka hili, lakini basi ingebidi niruke na mengine yote. Mume wangu alifariki nikiwa na miaka hamsini na mitatu, na kitinda mimba wetu yuko darasa la tano. Kwetu mtumishi anastaafu akifika sitini, na ofisi ya utumishi kila Januari huchota kwenye mfumo wetu tarehe za kuzaliwa za watumishi wote. Aliyefika anaandikiwa barua. Nilihesabu kwa vidole nikaona sitini itanikuta mtoto hata hajaanza chuo. Sikuwa na karatasi ya mkubwa yeyote. Nilisimama tu kwenye mlango wa chumba cha kompyuta nikalia. Mabano aliinuka, akaufunga mlango, akaniuliza, "Mitano inatosha, dada?"

Mitano ilitosha. Nilirudi dirishani nikiwa na hamsini kasoro mbili, na nilidhani humo tumo wachache tu.

Miaka minane baadaye idara ikawa mikononi mwa mkurugenzi mwingine, mtu wa humuhumu ndani aliyepanda ngazi moja moja. Tulimwita Sekunde. Alikuwa amerudi kutoka kwenye semina ya siku tatu akiwa na ugonjwa wa kasi. Alibandika tangazo kwenye korido, HUDUMA KWA SEKUNDE MOJA, na akawa anakuja kusimama nyuma ya kiti changu na simu yake, anapima. Naandika jina, nabonyeza, tunangoja. Sekunde tisa.

Mimi sekunde tisa hizo nilikuwa nazitumia. Nilikunywa funda la chai, nilimtazama mtoto aliyebebwa mgongoni, niliuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Lakini ukiwa na mkubwa anapumua juu ya utosi wako, sekunde tisa ni ndefu. Sekunde aliitisha mkutano wa saa mbili kuzungumzia sekunde tisa. Mwishoni akamgeukia Mabano mbele ya watu.

"Katibu wa wizara anakuja baada ya siku thelathini kuuona mfumo huu. Utafutaji ukizidi sekunde moja, mfumo unatupwa, tunanunua mwingine, na wewe unastaafishwa mapema kwa manufaa ya umma."

Mabano alikuwa na miaka hamsini na saba. Alisema, "Sawa, mheshimiwa," akainama akakifunika kipaza sauti cha mezani.

Kwanza aliletwa mshauri, bwana mmoja mwenye viatu vyembamba na kompyuta nyembamba zaidi. Alikaa wiki mbili. Lugha ya Mabano inamruhusu mwandishi kuieleza kompyuta anajali kasi kiasi gani na usalama kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tatu. Mshauri akaandika kasi tatu, usalama sifuri. Maana yake ni kwamba programu iache kujikagua: isiangalie kama namba ni namba, wala kama imevuka mwisho wa ukurasa. Utafutaji ukashuka kutoka sekunde tisa hadi nane nukta tisa. Siku hiyohiyo bwana harusi mmoja alipewa cheti kinachosema yeye ni mwanamke na pacha wake marehemu yu hai. Mabano alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha akafunga mlango kwa kishindo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Mshauri aliacha ripoti ya kurasa themanini inayopendekeza semina.

Baada ya hapo Mabano akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: alipima kwa ndani. Kuna programu ya kuchungulia programu nyingine. Inachungulia mara mia kwa sekunde moja na kila mara inaandika imeikuta inafanya nini, na mwishowe unajua muda unapotelea wapi. Aliiacha ichungulie asubuhi nzima huku mimi nikihudumia watu. Kabla ya saa ya chakula nilisikia ukutani amenyamaza. Mtu mliyekaa naye ukuta kwa ukuta unajua hata ukimya wake una maana gani. Nikaweka kibao cha "tumefunga" nikaenda.

"Dada, kaa."

"Umekuwaje? Umepauka."

"Katika kila sekunde tisa, nane na nusu zinaishia kwenye heshima."

"Heshima ipi?"

Akanieleza polepole, na mimi nitaeleza hivyohivyo. Ukitafuta jina la kawaida, kompyuta inapitia rekodi kama elfu ishirini zinazofanana nalo. Mabano alikuwa ameweka ile makro ndani ya mzunguko huo. Kwa hiyo kwa kila rekodi moja kati ya elfu ishirini, kompyuta ilikuwa inasoma orodha nzima ya wakubwa, kuanzia jina la juu hadi la chini. Orodha ilipokuwa na watu watatu haikuonekana. Na kwa kuwa kwenye maandishi yake lilionekana neno moja tu, hata yeye mwenyewe macho yake yalilizoea, yakawa yanalipita.

"Sasa wako wangapi humo?" nikauliza, kana kwamba mimi simo.

"Elfu nne mia tatu na kumi na sita."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka yote hiyo mama wa watu aliyekuja kutafuta cheti cha mwanawe alikuwa anangoja dirishani kwangu, huku kompyuta inawapigia magoti wakubwa elfu nne, mmoja mmoja, mara elfu ishirini. Kisha nikaacha kucheka.

"Sekunde naye yumo?"

"Wa saba. Miaka sita. Aliingia akiwa mkuu wa kitengo."

Hapo nikakumbuka kwamba tulishamfanyia Sekunde sherehe ya kufikisha hamsini mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa na keki. Lakini mwenyewe alishasahau. Alikuwa anaamini kabisa ana miaka hamsini na saba, na alitembea kama mtu wa miaka hamsini na saba.

"Hakuna njia nyingine?" nikamuuliza Mabano.

"Ipo. Kazi ya nusu saa. Badala ya orodha naweka jedwali: kila jina lina kisanduku chake, kompyuta inakwenda moja kwa moja, hakuna kusoma kuanzia juu. Itashuka chini ya sekunde, na hakuna atakayejua."

"Sasa unangoja nini?"

Alivua miwani. "Dada, huu uongo nimeuficha miaka kumi na saba. Nikikaa leo nikaupa na mbio, nitakuwa nimeuhangaikia kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuandika."

"Mabano, mdogo wangu. Mtoto ndio kwanza yuko mwaka wa kwanza chuoni."

"Najua."

"Mimi nina sitini na moja. Ukiitoa hiyo makro, Januari naondoka."

"Najua, dada."

"Basi weka jedwali. Wewe unabaki, mimi nabaki, hata huyo Sekunde anabaki. Nani anaumia?"

Aliichukua kalamu niliyokuwa nimeishika, akaifunika, akanirudishia. Niliondoka nimemkasirikia kwelikweli. Ni rahisi kumpenda mtu mwenye msimamo wakati msimamo wake hauli riziki yako.

Siku ya pili yake Sekunde alitoa waraka, ukabandikwa kila mlango: chochote kinachochelewesha mfumo kiondolewe mara moja, bila kujali ni cha nani. Mabano alichukua nakala, akaitia kwenye faili. Nikajua ameshaamua.

Nami nikaamua. Nikapiga moyo konde, nikaenda kumwonya Sekunde. Sitajifanya nilikwenda kwa ajili yake. Nilijua akishajua ataamuru jedwali, na mimi nitapona mgongoni mwake. Karani wake akanikalisha kwenye benchi chini ya tangazo la HUDUMA KWA SEKUNDE MOJA. Nilikaa hapo saa tatu na dakika ishirini. Dirisha langu likawa halina mtu, na kelele za foleni nilizisikia kutoka kule juu. Nilipoingia alikuwa amesimama, simu mkononi.

"Mama, kwa kifupi. Nina nusu dakika."

"Mheshimiwa, kile kinachochelewesha mfumo kimejulikana."

"Vizuri. Kiondolewe."

"Kikiondolewa, mheshimiwa..."

"Kikiondolewa mfumo utakuwa na kasi au hautakuwa?"

"Utakuwa na kasi, lakini wewe..."

"Basi hakuna cha lakini. Waraka umeusoma?"

"Nimeusoma. Ila jambo hili linakuhusu wewe mwenyewe."

"Mama, kila jambo la idara hii linanihusu mimi." Akatazama simu. "Muda wako umekwisha."

Nilishuka ngazi kurudi kwenye foleni yangu. Nilikuwa nimejaribu kumwokoa mtu ili nijiokoe, na hakunipa hata dakika moja. Kwa siku kadhaa nilimchukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Siku ya mgeni ukumbi ulipambwa. Katibu wa wizara alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, asiyecheka ovyo. Wakubwa walijaa safu tatu za mbele. Mimi niliwekwa kwenye kompyuta kwa kuwa vidole vyangu ndivyo vyepesi kuliko vya wengine, na kila nilichoandika kilionekana kwenye skrini kubwa ukutani. Mabano alisimama kwenye kona karibu na swichi za taa. Sekunde alihutubia nusu saa juu ya kutopoteza muda. "Binadamu hukosea," alimalizia. "Mfumo huu haukosei."

"Tutafute jina gani?" Katibu akauliza.

"Lolote, mheshimiwa. Chagua lolote."

"Lako, basi."

Nikamtazama Mabano. Alikuwa anatazama sakafu. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba kompyuta ichelewe. Niliandika jina, nikabonyeza. Sekunde moja haikufika, haikufika hata nusu yake. Mshauri, aliyekuwa amealikwa, akawa wa kwanza kupiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata. Kisha makofi yakafa safu moja baada ya nyingine, jinsi watu walivyokuwa wanamaliza kusoma. Ukutani iliandikwa kwamba mkurugenzi ana miaka sitini na mitatu.

"Hapo pana kosa," Sekunde akasema.

"Umesema haukosei," Katibu akamjibu.

"Rudia," Sekunde akaniambia mimi.

Nikarudia. Mara ya pili jibu lilikuja mapema zaidi.

Katibu alivua miwani ikaning'inia kwenye kamba yake. "Hongera kwa kasi," alisema. "Na barua yako nitajitahidi iende kwa kasi hiyohiyo." Nyuma yake, katika safu tatu za wakubwa, kila mmoja alikuwa anapiga hesabu yake. Nami nilipiga yangu.

Iliundwa tume. Ilipomuuliza Mabano nani ameiondoa makro, alitoa waraka wa Sekunde. Ilipomuuliza nani aliiweka, alisema ni yeye, kisha akatoa faili: karatasi elfu nne mia tatu na kumi na tano, zimepangwa kwa tarehe, kila moja ina saini. Tume ilisoma siku mbili. Siku ya tatu mwenyekiti wake alikuta saini yake, na tume ikavunjwa kwa kukosa muda. Mabano alipewa onyo la maandishi kwa kuandika programu isiyoeleweka. Wiki hiyo mshauri alitoa ripoti nyingine inayoonyesha kwamba kasi yote hiyo ilitokana na ripoti yake ya kwanza.

Januari barua zilimiminika. Korido zetu zilipata nafasi ya kupishana watu wawili. Timu ya vijana ilibaki na mlinda mlango. Mimi nilishafunga vitu vyangu kwenye boksi: kikombe, sweta, picha ya marehemu. Kila aliyepita na bahasha nilimkwepa macho. Barua ya kwangu haikuja. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi ukaisha. Siku moja foleni ilipokatika nikaandika jina langu mwenyewe, nikabonyeza.

Hamsini na sita.

Nilikwenda chumba cha kompyuta sijui hata nimetembeaje.

"Mabano, umenisahau."

"Sijakusahau, dada."

"Nimejitafuta. Bado nimo."

"Orodha ikiwa na jina moja haina uzito. Nimepima, tofauti haionekani."

"Waraka ulisema bila kujali ni cha nani."

"Waraka ulisema kinachochelewesha. Jina lako halicheleweshi kitu."

"Na ile habari yako ya kutoupa uongo mbio?"

Alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Huu hauendi mbio. Umekaa tu."

Nilimwambia anitoe. Nataka ijulikane kwamba nilimwambia. Alinitazama akasema, "Sawa, niletee kwa maandishi." Sikumletea. Niliona aibu, nasema kweli, na aibu hiyo haikunizuia kurudi dirishani, kufungua boksi na kutoa kikombe changu. Mtoto alimaliza chuo. Kila mama aliyekuja dirishani alipata jibu lake kabla hajakaa vizuri, na mimi sikupata tena nafasi ya kuuliza kama huko kwao mvua imenyesha.

Miaka mitatu baadaye Mabano alifikisha sitini, Alhamisi moja ya Januari. Barua yake ilifika Alhamisi hiyohiyo, maana mfumo wake ulikuwa hauchelewi. Mtu aliyeijenga makro ile kwa mikono yake, akawaingiza humo maelfu, hakujiingiza yeye. Mke wake alikuja na shati alilomshonea kwa ajili ya sherehe, lina vifungo hadi shingoni, na vyote vimefungwa.

Mkurugenzi mpya, mtu mzuri, alisoma kwenye karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo. Alimshukuru Mabano, akimwita mzee wetu, kwa kazi yake, akatikisa kichwa kusikitika kwamba siku zimekwenda. Kisha akanigeukia mimi, akaangalia tena karatasi yake. "Sasa namwomba mdogo wake," alisema, "ambaye atabaki kutushikia idara, amuage mkubwa wake."

Nilisimama na magoti yangu ya miaka sitini na minne. Chumba kizima kilinitazama. Mke wa Mabano, aliyewahi kunipima na kuniandika mwili wangu wote kwenye daftari, aliinamisha uso. Mabano alikuwa ananitazama kwa utulivu, mkono juu ya meza, na nilijua hatasema kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

"Kaka yangu," nikaanza.

Aliniitikia kwa kichwa, kisha akanyoosha mkono akaifunga chupa ya maji niliyokuwa nimeiacha wazi.